Mondbilder ya MacDowell: nota za mikono minne zilizonikalia vizuri kwenye piano ya Tudor

Niseme mapema kwa mwenye haraka: kama nyumbani kwenu kuna piano ya kii 88, na yupo mtu mnayeweza kuketi naye benchi moja bila kukwaruzana, tafuteni Mondbilder, opus 21 (yaani kazi yake namba 21), ya Mmarekani Edward MacDowell. Ni vipande vitano vifupi vya piano moja kwa mikono minne. Vitatu kati yake vina huzuni ya kweli, na cha kwanza ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nimekaa na piano tangu utotoni, nimefundisha watoto wa watu Tudor na Ganjoni hapa Mombasa, nimepiga kwenye harusi na kwenye ibada za mazishi. Katika nota zote za watu wawili zilizopita mikononi mwangu, hizi ndizo ningezitetea mbele ya yeyote.

Nota za mikono minne tunazozipata huku kwetu nyingi ni za mafunzo. Mwalimu yuko chini, upande wa kushoto wenye sauti nzito, anapiga mambo yote ya maana, mtoto yuko juu, kulia kwenye sauti nyembamba, anadonoa kidole kimoja kimoja, mzazi anapiga makofi, basi. Nyingine ni muziki wa okestra uliokamuliwa uingie ndani ya piano: kelele nyingi, jasho jingi, na mwisho wake mnagombana nani aliyeharakisha. MacDowell hayumo katika makundi hayo mawili. Humu wote wawili wana la kusema, na kuna mahali ambapo mmoja hawezi kulisema lake mpaka mwenzake amshikilie.

Mtunzi mwenyewe alizaliwa New York mwaka 1860. Mmoja wa waliomfundisha piano utotoni ni Teresa Carreño, yule mwanamke wa Venezuela aliyetikisa kumbi za Ulaya na Marekani. Akiwa kijana alipelekwa Paris, kwenye chuo cha muziki alikokuwa akisoma pia Claude Debussy, kisha akahamia Ujerumani, akaishia Frankfurt akisomea utunzi kwa Joachim Raff. Mwaka 1882 alikwenda Weimar kumpigia Franz Liszt, gwiji wa piano wa zama hizo, kazi yake, na mzee akampa moyo. Mwaka 1884 akamwoa Marian Nevins, Mmarekani mwenzake aliyekuwa mwanafunzi wake wa piano kulekule Frankfurt. Wakaendelea kuishi Ujerumani hadi mwaka 1888 waliporudi kwao na kukaa Boston. Mondbilder ilichapishwa mwaka 1886, yaani bwana na bibi wakiwa bado wageni kwenye nchi ya watu. Hilo silisahau kila ninapokifungua kitabu hiki. Huzuni iliyomo si ya mtu aliyefiwa. Ni ya mtu aliye mbali, asiyejua kwao kukoje usiku huu.

Wengi wanamjua MacDowell kwa kipande kimoja tu, To a Wild Rose cha mwaka 1896, ambacho karibu kila mwanafunzi wa piano hukipitia. Ni kizuri, sina neno nacho, ila ni cha mtu mmoja na kinamwonyesha upande wake mpole tu. Mwaka uleule alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, akajiuzulu mwaka 1904 baada ya kutoelewana na wakubwa wa chuo, akili ikamtoka pole pole, na akafariki mwaka 1908 akiwa na miaka 47. Marian aliishi hadi mwaka 1956, akiitunza kambi ya wasanii waliyoianzisha Peterborough, New Hampshire.

Kuna jambo moja la historia ya nota hizi linalomsaidia mpigaji. Mwanzo MacDowell alikusudia vipande hivi viwe mfululizo mdogo wa okestra. Ikatokea nafasi ya kuvichapisha kwa piano ya mikono minne, akaichukua, na rasimu za okestra zikaharibiwa. Kwa hiyo usipige ukidhani unafuata kivuli cha kitu kingine kilicho bora kuliko hiki. Kitu chenyewe ndicho hiki, mikono minne na kiti kimoja. Lakini ukijua kwamba masikioni mwake kulikuwa na filimbi, fidla na pembe, unaacha kuipiga kila nota kwa uzito mmoja. Unaanza kujiuliza: hii hapa ingekuwa inapulizwa, au inakwaruzwa kwa uta?

Jina lake ni Picha za Mwezi, na picha zenyewe zimetoka kwenye kitabu cha Hans Christian Andersen wa Denmark, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1839. Ndani yake kuna kijana mchoraji, fukara, aliyehamia mjini. Dirisha lake linatazama kichochoro, hana rafiki, na badala ya vilima vya kwao anaona mabomba ya moshi. Usiku mmoja anachungulia na kuona uso anaoujua: mwezi, uleule uliokuwa ukimulika kwao. Mwezi unamwahidi kwamba kila usiku utakapopita utamsimulia ulichokiona duniani, na yeye achore. Sisi watu wa Pwani tunaufuata mwezi kwa funga, kwa sikukuu na kwa maji kujaa na kupwa, na hatuhitaji kushawishiwa kwamba mwezi unaona mambo.

Kipande cha kwanza ni Binti wa Kihindi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwezi unamsimulia mchoraji habari ya usiku uliopita huko Bara Hindi. Msichana anatoka kichakani, anashuka mbio kuelekea mto Ganges. Miba imemchania viatu. Paa aliyetoka kunywa maji anamwona na kuruka pembeni, kwa sababu msichana ameshika taa inayowaka. Ameukinga mwali kwa kiganja ili usizimike, na mwezi unaiona damu ndani ya vidole vyake. Hapo ndipo Andersen aliponipata. Yeyote aliyewahi kukinga koroboi kwa mkono akivuka ua usiku anajua jinsi vidole vinavyogeuka vyekundu, na anajua kwamba wakati ule macho yote yako kwenye mwali, si kwenye njia. Msichana anaiweka taa majini, mto unaichukua. Ikiendelea kuwaka mpaka ipotelee mbali machoni pake, mchumba wake yu hai. Ikizimika angali anaiona, amekufa. Anapiga magoti na kuomba. Pembeni yake kwenye nyasi kuna nyoka, naye hana habari, yuko na Brahma na mchumba wake. Taa inatetemeka, inakaribia kufa, haifi. "Yu hai!" anapaza sauti, na milima inamjibu vilevile.

Sasa nenda kwenye piano. Mpwa wangu anakaa juu, mimi nakaa chini. Kwa desturi ya mikono minne, aliye chini ndiye mwenye pedali, ile ya mguuni inayoshikilia sauti vidole vikishainuka, na kwenye kipande hiki pedali ni nusu ya kazi. Ukiikanyaga na kuisahau, sauti zinarundikana na mto unakuwa tope. Ukiiachia mapema, sauti ya mwenzako inabaki mtupu, taa isiyo na maji chini yake. Mguu wangu wa kulia unasikiliza kidole kisicho changu. Naye aliye juu hana cha kukanyaga, kwa hiyo hawezi kuushikilia mwali wake mwenyewe akishainua mkono. Anautoa tu na kuniamini. Nimepiga vipande vingi vya huzuni peke yangu, vya watunzi wakubwa kumshinda MacDowell, na hakuna kilichonipa jambo hili. Peke yako unaombolezea mikono yako miwili, na yote inakutii. Wawili, kuna hofu ya kweli kwamba mwenzako atachelewa, au wewe utamwangusha, na hofu hiyo ndiyo hasa aliyonayo msichana pale mtoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na huzuni ya namna hii haivunjwi na mikono miwili.

Mpwa wangu ana miaka 16. Mama yake yuko Ghuba, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, na msichana anakaa kwangu mpaka atakaporudi. Nilimsomea hadithi ya taa kabla hatujagusa piano, maana sikutaka apige nota bila kujua zinakwenda wapi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza:

"Shangazi, na je, ikizimwa na upepo tu, na mtu mwenyewe mzima?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo analoliogopa yule msichana. Kwamba hatajua."

Siku hizi taa yetu ni ile tiki ya pili ya WhatsApp. Ikichelewa kutokea, nyumba nzima inatembea kimya. Sikumwambia hivyo, alijua mwenyewe. Tangu hapo sijahitaji kumsihi apunguze sauti. Anapunguza, na bado nota inasikika mpaka jikoni, jambo ambalo wanafunzi wangu wa miaka mingi hawakuliweza kwa mazoezi ya vidole peke yake.

Msitafute Bara Hindi halisi humu, mtasikitika. Si Andersen si MacDowell aliyefika huko. Ni Mdenmarki anayeota, na Mmarekani aliye Ujerumani anayeiota ndoto ya Mdenmarki. Jirani yangu mmoja, bibi wa Kigujarati ambaye kila Diwali huwasha taa za udongo ukutani, alisikiliza mpaka mwisho akasema ni muziki wa Kizungu wenye moyo mzuri. Nakubaliana naye. Na sikio la Mombasa halipati taabu hapo, kwa kuwa sisi tumelelewa na nyimbo zilizovuka bahari mara mbili. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu aliyetutoka mwaka 2014, alijenga jina lake kwa mashairi ya Kiswahili yaliyovaa sauti za filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwuliza kibali. Nilichogundua ni kwamba watu wa taarabu wanakielewa kipande hiki haraka kuliko watu wa kwaya. Wameshazoea wimbo unaokwenda polepole, usio na haraka ya kufika kwenye kibwagizo, na wanajua kwamba mwimbaji akishusha sauti ndipo ukumbi unapoinama kumsikiliza.

Nota zenyewe hazina bei. Mtunzi alifariki mwaka 1908, na sheria ya Kenya inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha aliyeitunga, kwa hiyo chapa ya zamani ni halali kuipakua. Nimeitoa IMSLP, ile maktaba ya nota ya mtandaoni. Gharama iliyobaki ni karatasi, na karatasi ndiyo penye kasheshe, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Chapa za mikono minne za karne ile hazikupangwa kama nota za kawaida. Ukurasa wa kushoto ni wa sekondo, aliye chini. Wa kulia ni wa primo, aliye juu. Mnasoma kurasa mbili zinazotazamana, kila mtu wake, na zote mbili zinaishia mahali pamoja ili karatasi igeuzwe mara moja. Sasa ukiipeleka faili saiba na kijana akaiprinti pande mbili kuanzia ukurasa usio wake, sekondo inaangukia mgongoni mwa primo. Mmoja anasoma, mwenzake anatazama ukuta. Duka moja la mjini lilinifanyia hivyo, likapiga baindingi juu yake, na nilipolalamika nikaambiwa kurasa zote zipo. Zipo, ndiyo, lakini hazipigiki. Nikaenda kwingine, karibu na Digo Road, nikaomba karatasi za A3 zilizolala, kila moja iwe na kurasa mbili: sekondo kushoto, primo kulia, upande wa nyuma mtupu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unaziunganisha kwa gundi ya karatasi mgongo kwa mgongo, zinageuka zikiwa ngumu, na feni haiziperuzi. Hazikunigharimu shilingi 500. Mwambie wa saiba asizikuze zaidi ya A3, kwa kuwa kibao cha nota cha piano nyingi za wima hakiwezi kubeba zaidi ya hapo.

Jambo la pili ni piano yenyewe. Kibodi ya kii 61, ile ya makanisani na ya vikundi vya harusi, haitoshi. Ni oktavu tano tu, na watu wawili wakikaa wanabanana mabega huku sekondo akitafuta nota za chini ambazo hazipo. Ya umeme yenye kii 88 na pedali inafaa, na katika mji wetu ina faida kwamba haipotezi sauti kwa unyevu. Ila stima ikienda, mmekwisha.

Kwa mwenye piano ya mbao, Mombasa ni mahali pagumu. Mvua za mwezi wa nne na wa tano zikishika, mbao zinafura, kii zinaganda zikishuka, na nyuzi zinaota kutu kwa chumvi ya hewa. Piano yangu, iliyotoka kwa familia moja ya Kigoa ya Ganjoni, ina balbu ndogo ndani ya mlango wake wa chini, inawaka mchana na usiku msimu wote wa mvua ili mbao zisinywe maji. Fundi huja kuityuni mvua zikishatulia, si kabla, maana ukityuni mbao zikiwa zimevimba, zikikauka sauti inahama tena. Nayasema haya kwa sababu kipande cha kwanza kinaianika piano mbovu. Nota nyingi za katikati na juu zina nyuzi tatu kila moja, na nyuzi hizo zikiachana kidogo tu, sauti inayoshikiliwa na pedali inaanza kuyumba. Kwenye muziki wa shangwe unaweza kulificha hilo. Hapa huwezi. Mpate fundi kwanza, MacDowell atawasubiri.

Vipande vingine vinne si vya kiwango kimoja.

Hadithi ya Korongo ni ya watoto wanaomngojea korongo awaletee mdogo wao, kama watoto wa Ulaya walivyokuwa wakidanganywa. Kinapendeza na kinapita. Sisi hukipiga wageni wakiwepo.

Huko Tyrol, jina la nchi ya milima ya Alps kule Ulaya, ni kingine kabisa. Andersen anaweka watawa wawili vijana kwenye mnara wa kengele, katikati ya majabali ya milima. Chini yao barabarani linapita gari la abiria la farasi, pembe ya mpiga posta inalia, nao wanalitazama. Mdogo wao ana chozi jichoni. Pembe inafifia, na kengele wanayoivuta wao wenyewe inaimeza. Msomaji wa mashairi hahitaji kuongezewa neno hapo: mkono wako mwenyewe ndio unaozima sauti unayoitamani. Kwenye benchi jambo hili mnaligawana, na mnapaswa kukubaliana mapema nani atapungua na nani atazidi, la sivyo mtashindana na hakuna kitakachosikika. Nawashauri wenye wanafunzi wakubwa wawafundishe hiki kabla ya kingine chochote, kwa ajili ya somo hilo tu la kupungua kwa hiari.

Bata Maji wa Andersen, yule mweupe mwenye shingo ndefu, alikuwa akiruka na kundi lake akachoka, akazidi kubaki nyuma, akashuka majini. Akalala usiku kucha kichwa chini ya bawa. Alfajiri akaamka na nguvu mpya, akaruka kuwafuata wenzake, lakini peke yake. Ndicho kipande cha pili kwa uzuri kwa maoni yangu, na kuna siku namweka juu ya yule msichana. Ninakipiga nikimfikiria MacDowell wa mwaka 1886, bado yuko Ujerumani, miaka miwili kabla ya kurudi kwao. Waanzao hukipiga haraka mno kwa kuwa kwenye karatasi hakitishi. Kiacheni kichukue muda wake.

Ziara ya Dubu inafunga kitabu. Dubu wa maonyesho anafungwa uani, mwenye naye yuko ndani anakula, dubu anapanda ngazi na kuwakuta watoto watatu wadogo peke yao. Wanamdhania mbwa mkubwa, mkubwa wao anapiga ngoma, dubu anacheza, wanampa bunduki ya mchezo na kuandamana naye chumbani mpaka mama anapofungua mlango na kuganda kwa hofu. Ni kipande cha furaha na watoto wa mtaa wanakipenda. Ila kwangu mimi kinaivunja hali iliyojengwa na wenzake, na ningefurahi zaidi kama kitabu kingeishia kwa yule ndege. Tukipiga kwa ajili yetu wenyewe tunakiruka. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya korongo, nakiwekea kitabu hiki nyota nne kati ya tano. Kipande cha kwanza, cha tatu na cha nne navipa zote tano bila kusita.

Ugumu wake ni wa wastani. Kwa makadirio yangu, aliyefaulu gredi ya tano ya ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, na kuipita kidogo atavimudu vyote, na sekondo wa kipande cha kwanza anaweza kuwa mtu mzima aliyeacha piano miaka mingi mradi mguu wake una adabu. Mnapokutana katikati ya kibodi, dole gumba lake na lako, amueni nani anaondoka kwanza na muandike kwa penseli. Pumueni pamoja kabla ya kuanza, msihesabu kwa sauti. Na asiyependa muziki wa polepole asijitese. Hapa hakuna pa kuonyesha kasi, na mwenye kutafuta makofi atafute kwingine.

Mkivimaliza, iko opus 20 ya mtunzi huyohuyo, Drei Poesien, yaani Mashairi Matatu, nayo ya mwaka 1886 na ya mikono minne. Kipande chake cha kwanza kinaitwa Nachts am Meere, Usiku Baharini, na kwa mtu wa kisiwa jina hilo tu linatosha kumtoa nyumbani kwenda saiba. Nimeshaziprinti, A3 vilevile. Mpwa wangu amesema safari hii anataka akae chini, ashike pedali yeye, na mimi nipande juu. Nimekubali.